Reli ya mezani: tulivyochagua kibanda cha mlimani

Likizo ya Desemba iliyopita, dada yangu anayeishi Hamburg, Ujerumani, alikuja Tanga kututembelea. Katika mizigo yake mlikuwa na kasha la reli ya mfano kwa ajili ya watoto: kichwa kimoja cha treni, mabehewa manne, vipande vya njia vya kutosha kufanya duara refu, na jengo moja dogo la plastiki la kuunganishwa kwa gundi. Nilidhani ni mchezo wa siku mbili. Ukawa kazi ya likizo nzima, na katika kazi hiyo hakuna jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko swali moja linaloonekana jepesi: ni jengo gani dogo likae kando ya mlima?

Siku tisa tulibishana juu ya swali hilo, mimi, mwanangu wa miaka kumi na baba yangu mzazi. Lilipopata jibu, lilikuwa limefunua jambo nililolificha tangu nikiwa darasa la nne. Naandika habari hii kwa ajili ya familia zitakazopenda kuwashughulisha watoto kwa kazi ya mikono, na kwa ajili ya wale ambao bado wana mzee nyumbani wa kumuuliza.

Mlima wa barazani

Tulinunua karatasi moja ya plaiwudi, futi nne kwa nane, tukaiweka juu ya meza mbili barazani. Mara moja tulikubaliana kwamba reli yetu itakuwa ile ya Tanga, pale inapopita chini ya milima ya Usambara baada ya Mombo. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Ikafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Baba aliifanyia kazi tangu enzi za Reli za Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977, akaendelea na shirika la Tanzania hadi alipostaafu. Kwa hiyo tulikuwa na mwalimu ndani ya nyumba.

Mlima tuliujenga kwa fito, waya wa kuku na tabaka za karatasi zilizochovywa katika uji mzito wa unga wa ngano. Wengi hutumia magazeti makuukuu. Sisi tulitumia mifuko ya saruji, kwa sababu gazeti kama hili analolisoma ndugu msomaji lina majina ya Allah na aya za Qur'ani, na si adabu kulichana na kulipaka uji. Mifuko ya saruji nayo ina faida yake: ni migumu, na ikikauka hushika mikunjo inayofanana na miamba.

Mlima ulipokauka ulikuwa na urefu wa sentimita 60. Watoto walishangilia. Baba aliutazama akasema, "Hiki kichuguu."

Kwa nini mlima huonekana kichuguu

Baba alikuwa na haki. Treni yetu ni ya kipimo kinachojulikana kwa herufi HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho futi moja ya kweli huwa milimita tatu na nusu. Sasa piga hesabu: sentimita 60 mara 87 ni mita 52 tu, urefu wa minazi miwili iliyobebana. Kutoka Mombo hadi Lushoto mtu hupanda karibu mita 1,000. Ili kuuonyesha mlima huo kwa haki, tungehitaji zaidi ya mita 11, yaani tungetoboa dari na kuendelea juu ya paa la jirani. Hata katika maonyesho makubwa ya Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa huko Hamburg mwaka 2001, ambako dada yangu huwapeleka wanawe, mlima wa sehemu ya Uswisi una urefu wa takribani mita sita, na huko nako wamelazimika kuupunguza.

Basi mlima wa mezani ni wa kudanganya jicho, na chombo cha kudanganyia ni jengo dogo. Jicho halijui ukubwa wa mwamba, kwa kuwa mwamba unaweza kuwa wa saizi yoyote. Lakini kila mtu anaujua mlango, maana kila siku anapita mlangoni. Ukiweka kando ya mlima mlango wa milimita 21, jicho hupima mlima wote kwa mlango huo, na kichuguu hugeuka kuwa mlima. Ukiweka jengo kubwa, unakipunguza hata kile kidogo ulichonacho. Hii ndiyo sababu mafundi wa kazi hii, Ulaya na Marekani, hupendelea jengo dogo sana katika mandhari ya milima: kibanda, tangi la maji, ghala la zana. Wengine huenda mbali zaidi: nyumba ya juu kabisa mlimani huifanya ya kipimo kidogo kuliko treni, ili ionekane iko mbali.

Nyumba ya ugeni

Jengo la kwanza kujaribiwa lilikuwa lile la kwenye kasha. Ni nyumba nzuri, kuta nyeupe zenye mihimili ya mbao, maua madirishani, na paa lenye mteremko mkali karibu kufika chini. Tuliunganisha, tukaiweka. Kila aliyepita barazani alisema imependeza, lakini hakuna aliyetambua kwamba ile ni Usambara.

Sababu yake haikuwa ngumu kuipata. Makampuni mengi ya majengo ya namna hii ni ya Ujerumani. Mojawapo mashuhuri, Faller, lilianzishwa mwaka 1946 na ndugu wawili katika mji mdogo wa Gütenbach, ndani ya milima ya Msitu Mweusi. Waliyaiga yale waliyoyaona nje ya madirisha yao. Paa lile ni kali ili theluji iteremke, isiivunje nyumba. Katika reli ya Marekani, vivyo hivyo, utaona tangi la mbao la mviringo lililofungwa hatamu za chuma, kwa sababu katika milima ya Colorado treni za mvuke zilikunywa maji kutoka matangi kama hayo. Kila jengo ni jibu la swali la mahali pake. Huku kwetu hakuna theluji ya kukwepwa. Kuna jua na mvua ya masika, na jibu lake ni bati, upenu mpana na msingi ulioinuliwa. Nyumba ya Msitu Mweusi tuliirudisha kabatini kwa heshima. Siku watoto watakapojenga milima ya Ujerumani, itakuwa na kazi.

Msikiti, mbao na stesheni

Mwanangu alitaka msikiti wenye mnara. Nakiri kwamba mimi, katibu wa kamati ya msikiti, niliupenda upesi ushauri huo. Lakini hesabu ilitukataza. Mnara wa mita 20, kwa kipimo chetu, ni sentimita 23, zaidi ya theluthi ya mlima wote. Baba aliongeza sababu yake: "Msikiti unataka watu. Pale tulipokuwa hapakuwa na kijiji. Tuliswali juu ya mkeka kando ya njia."

Mimi nikapendekeza kituo cha njia ya kamba. Enzi za Wajerumani palikuwa na kamba ya chuma iliyoshusha mbao za mwerezi kutoka Shume, juu mlimani, hadi Mkumbara penye reli. Lingekuwa jambo la kuvutia na la kweli. Hata hivyo kamba ile ilitaka nguzo nyingi na gurudumu kubwa, na watoto wangeshindwa na kazi kabla likizo haijaisha.

Ndipo mwanangu akasema maneno yaliyonifanya niinamishe kichwa. "Basi tujenge stesheni. Si Babu alikuwa stesheni masta?"

Baba hakumjibu mjukuu wake. Alinitazama mimi. Kisha akasema taratibu, "Stesheni masta hakai mlimani," akaomba maji ya kunywa.

Nililolisema darasa la nne

Baba yangu hakuwa stesheni masta. Alikuwa mlinzi wa njia. Katika miezi ya mvua alitembea sehemu yake ya reli usiku kwa usiku, mkononi kandili, begani nyundo na spana, kiunoni bendera nyekundu na ya kijani. Aliangalia boliti zilizolegea, mataruma yaliyohama, na hasa makalvati. Maji ya Usambara hayaji taratibu. Huporomoka na matope, magogo na mawe, yakiziba kalvati huanza kula tuta, na reli hubaki ikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Dereva wa treni, gizani, hawezi kuliona hilo mpaka amechelewa. Lazima awepo mtu aliyetangulia kupita kwa miguu.

Hayo nimeyajua barazani, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu. Mbele yangu aliketi mtoto wa karani wa bandari, nyuma yangu mtoto wa mwalimu. Mimi baba yangu alirudi asubuhi na matope hadi magotini. Nikasema: stesheni masta. Neno hilo lilinipendeza. Nililirudia sekondari, nikalirudia chuoni nilikosomea dini, mahali ambapo tulifundishwa uzito wa ulimi. Sikuwahi kulifuta, na hatimaye nilimrithisha mwanangu. Baba alikuwa amelisikia zamani. Siku ile ya barazani nilifahamu kwamba alikuwa amelisikia, na alikuwa amelinyamazia.

Jioni baada ya Isha nilimwendea. Nilimwamkia, nikaketi chini karibu na kiti chake, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Stesheni kila mtu anaijua, ina jina lake limeandikwa kwenye ubao. Kibanda changu hakikuwa na jina." Nikamwuliza kilikuwaje. Akaomba kalamu.

Kibanda chenyewe

Alichora nyuma ya bahasha. Futi nane kwa futi sita. Kuta za bati, paa la bati lenye mteremko mmoja wa kuelekea nyuma. Nguzo nne za vipande vya reli chakavu. Mlango ulitazama njia, na upande wa mlimani hapakuwa na dirisha, kwa kuwa upepo wa baridi hushukia huko. Nje palikuwa na pipa la maji, mafiga matatu, na rundo la mataruma ya chuma yaliyokwisha kazi yake. Kilisimama kando ya kalvati, lakini upande wa juu wa mkondo na juu ya kijukwaa cha mawe, maana kibanda cha kwanza, kabla ya wakati wake, kilichukuliwa na maji.

Kwa kipimo chetu futi nane ni milimita 28, na futi sita ni milimita 21. Jengo zima ni karibu nusu ya kiberiti! Asubuhi mwanangu alipoambiwa ukweli kuhusu kazi ya babu yake, hakuuliza kwa nini nilisema uongo. Aliuliza, "Kwa hiyo Babu ndiye aliyekuwa anaizuia treni isianguke?" Akaacha habari ya stesheni.

Kuta tulizikata katika boksi la biskuti. Bati tulilitengeneza kwa karatasi laini ya fedha ya kufungia vyakula, tukaibana juu ya skrubu ndefu yenye nyuzi za karibu na kuisugua kwa ukucha mpaka ikapata mikunjo. Tuliipaka rangi ya kijivu iliyozimuliwa, na kutu tukaifanya kwa vumbi la tofali. Udongo mwekundu tuliuokota kando ya barabara, tukauchekecha kwa chujio la jikoni, na mama watoto ametudai chujio jipya hadi leo.

Kuweka jengo mahali pake

Kuchagua jengo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulikalisha. Baba alitusahihisha mara tatu.

Kwanza, tulilibandika juu ya mlima kama kofia. Akatuuliza mwenye nyumba anapitia wapi. Jengo lisilo na kijia huonekana limedondoka kutoka mbinguni. Tukachora kijia chembamba kutoka mlangoni hadi njiani, na kingine cha kwenda mtoni kuchota maji.

Pili, tulilikaribisha mno na reli. Mabehewa marefu yanapokata kona, tumbo lake hutokeza upande wa ndani, na pembe zake hutokeza upande wa nje. Kabla ya kutia gundi, pitisha behewa lako refu kuliko yote polepole, uone kama linagusa. Letu liliangusha pipa. Tulikirudisha kibanda nyuma hadi milimita 35 kutoka kwenye reli, sawa na futi kumi za kweli.

Tatu, tulikuwa tumekiweka katikati kabisa ya meza. Akakisogeza pembeni, karibu na theluthi ya mlima, penye kivuli cha mwamba, ili treni itokee kwanza, ndipo jicho likione kibanda. "Mtu hakioni mpaka anapokihitaji," alisema.

Jambo moja hatukuweza kulisahihisha. Baba alipima nafasi kati ya reli mbili kwa kidole akasema ni pana mno kwa reli ya Tanga. Ni kweli: milimita 16.5 za njia yetu ni mfano wa reli ya milimita 1,435, wakati ya Tanga ni ya mita moja. Anayetaka usahihi kamili hutumia njia ya milimita 12. Mwanangu alijibu kwamba basi hii ni SGR imefika Mombo. Mzee akacheka, tukaendelea.

Pakiti ambayo hatukuifungua

Ndani ya kasha mlikuwa pia na pakiti ya vijisanamu vya watu na ng'ombe. Wazazi wengi wataliuliza hili. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu sanamu za viumbe wenye roho zinapokuwa midoli ya watoto: wako waliozikataa, na wako walioruhusu kwa kuzingatia midoli aliyokuwa akiichezea Bibi Aisha, Allah amridhie. Kwa upande mwingine, inajulikana namna Ibn Abbas alivyomshauri mtengeneza sanamu ajielekeze kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kila familia imwulize shekhe wake. Sisi tulichagua kuiacha pakiti imefungwa.

Uamuzi huo uliongeza umuhimu wa kibanda. Mandhari isiyo na sanamu ya mtu ina hatari ya kuonekana imehamwa. Kwa hiyo jengo dogo likapewa kazi ya kuonyesha kwamba mtu yupo. Mlango tuliuacha wazi nusu. Kando yake tulitandika mkeka wa milimita 20, uliosukwa na binti yangu kwa nyuzi za ukili, ukielekezwa kibla kulingana na upande ambao mlima ule upo kwa kweli. Juu ya mlango tukatundika taa. Mwenyewe haonekani, lakini hakuna anayeuliza kama yupo. Yuko njiani, anakagua.

Kwa familia itakayojaribu

Ikiwa nawe utapata reli ya namna hii, au hata ukiamua kuijenga yote kwa maboksi, usianze dukani. Anza kwa maswali manne. Mahali hapa ni wapi hasa? Nani alifanya kazi hapa? Alihitaji nini ili aifanye, na mvua au jua lilimtendea nini? Je, jengo lake ni dogo kiasi cha kuufanya mlima uwe mkubwa? Ukiyajibu, jengo limekwisha kujichagua. Na kama yuko mzee aliyeifanya kazi hiyo, mpe kalamu na bahasha kabla hujampa mtoto mkasi.

Treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa mwaka 2019 baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Inshaallah, likizo ijayo nitampandisha baba na mwanangu wapite chini ya Usambara mchana. Mzee amekwisha kunionya kwamba hatutaona kitu pale: bati huibwa, na nguzo za reli huuzwa chuma chakavu.

Usiku wa mwisho wa likizo tulizima taa za baraza. Kitaa kidogo cha kibandani kilikuwa cheupe. Baba alisema kandili haiwi nyeupe, tukakifunika kwa kipande cha karatasi ya pipi ya rangi ya manjano. Treni ikazunguka. Wajumbe wawili wa kamati walikuwapo, wamekuja kwa habari ya mahesabu ya msikiti, na mmoja akamwuliza mwanangu kile kinyumba ni cha nini.

"Hapo ndipo alipokuwa Babu," alisema. "Alikuwa mlinzi wa njia."

Wabillahi tawfiq.